Fundo Nililolifungua Kabla ya Siku Yake

Zuhura mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi uliponiletea uji, na hali yangu unaijua kuliko mimi mwenyewe, basi hapo tusichelewe. Anayesema ni mimi bibi yako, anayeandika ni jirani yetu Salima, fundi cherehani. Ameacha gauni la watu nusu mkono, amekaa nami hapa barazani na kalamu, na nimemwapisha aandike ninavyosema, asinipambe. Nikitoa tusi, aandike tusi. Ameguna. Andika na hilo, Salima, kwamba umeguna.

Wewe umekwenda kuaga. Kesho asubuhi bodaboda inakupeleka Ruangwa, na Ruangwa unapanda basi, safari ya chuo, Morogoro. Umetoka hapa saa nne, sasa alasiri imeadhiniwa na hujarudi, na najua kwa nini. Kila nyumba unayoingia kuaga unatoka na kazi. Huyu anataka umtafutie mwanawe aliyepotelea mjini, yule anataka umuulizie dawa ya kuku. Mtu anaaga kama anaomba vibarua! Mbekenyera nzima wanakupenda, na ndivyo watakavyokumaliza.

Sitakuambia ule nini huko, wala ulale saa ngapi, wala ujifunge nini kichwani. Hayo umeyasikia tangu mama yako alipokuacha kwangu ukiwa umetoka tu kwenye ziwa. Yaliyoingia yameingia. Halafu nimechoka, mwanangu. Ukifika umri wangu hata kushauri kunachosha, unaona maneno yote umeshayasema na kuku bado wanalala juu ya kinu.

Nataka kusema habari ya lile daftari lako.

Usinune. Jana ulipokwenda kisimani nilimwita Salima nikamwambia, "Hebu nisomee hiki kitu mtoto anachokiandika kila asubuhi kakunja uso kama hakimu."

Akafungua, akahesabu kwa kidole. "Mambo thelathini na moja, Bibi."

"Ya mwezi mzima?"

"Ya leo."

Tulicheka mpaka akashika mbavu. Halafu nikamwambia asome moja moja, na kila moja aniambie ni kazi ya nani. Kumsajilia mjomba laini ya simu: ya mjomba. Kumwandikia mwenyekiti muhtasari wa kikao: ya mwenyekiti, ambaye ana mikono miwili na nilimwona juzi anacheza bao. Kurudisha pampu ya salfa: yangu. Kuanika korosho: yangu. Kumbembeleza mke wa nani sijui arudi kwa mumewe: ya mumewe, kama ana haya. Tulipomaliza, zako zilikuwa nne. Moja katika hizo nne ni kuosha nywele.

"Na Jumatano kaandika nini?" nikauliza.

Salima akafunua ukurasa. "Jumatano kaandika: Bibi, macho, Ruangwa. Halafu Alhamisi: safari."

Hapo hatukucheka. Tiketi yako ni ya kesho, Jumanne. Chuo mwisho wa kupokea watu ni Ijumaa, na walishakuambia kwamba nafasi hii wamekupa mara ya pili na ya tatu haipo. Basi la Alhamisi likiharibika porini mahali, ndiyo basi. Na wewe ulishapanga hivyo, hukuniambia, unanipikia uji umetulia kama maji ya mtungini.

Kwa hiyo jana hiyohiyo Salima alimpigia wakala wa tiketi, nami nikaichukua simu. Kijana akasema, ni kweli, dada alimwomba amwekee kiti cha Alhamisi. Nikamwambia, "Ukimpa hicho kiti, nitakuja kukaa mbele ya dirisha lako na jicho langu hili moja mpaka uhame mji." Akasema, "Bibi, sitampa." Kijana mzuri, ana adabu. Jioni ukirudi tutagombana, mimi na wewe, na utashindwa, kwa sababu mimi leo sina nguvu ya kushindwa.

Lakini si hilo lililonifanya nimtoe Salima kwenye cherehani. Ninalotaka kusema liko mbele kidogo. Nivumilie. Ni zito na mimi napanda nalo polepole.

Mimi sikusoma, unajua. Shule ilipofika kwetu nilikuwa nimeshaolewa. Daftari langu lilikuwa ile kamba ya gome la myombo inayoning'inia mlangoni jikoni, unayodhani ni ya kufungia mbuzi. Kila asubuhi baada ya sala nilikuwa nasimama pale na kufunga mafundo, fundo moja kazi moja. Kazi ikiisha, nafungua. Magharibi nikipapasa kamba nikaikuta laini, nalala kama mtoto. Hakuna aliyenifundisha. Mtu asiyejua kuandika anabuni.

Na nilikuwa mjinga wa kamba kama wewe ulivyo mjinga wa daftari. Nilipenda kufungua. Nilikuwa naanza na mafundo mepesi, kumpelekea jirani moto, kuazima ungo, kufagia kwa mama mkwe, puu, puu, puu, yanafunguka, roho inatakata. Mazito nayaacha chini. Na kuna siku nilirudisha sufuria ya watu, nikafika nyumbani nikakumbuka sikuwa nimeifungia fundo, nikafunga fundo palepale ili nilifungue. Salima anacheka. Anasema hata wewe umeandika "kuamka" halafu ukaikata mstari. Laa! Damu haipotei.

Babu yako alikuwa hai mwaka ule ninaotaka kukusimulia. Tulikuwa na ufuta upande wa Lionja, mzuri, umenizidi kimo. Ufuta unaujua. Haumsubiri mtu. Ukianza kugeuka njano unaukata, unaufunga mafungu, unausimamisha ukauke mahali utakapoukung'utia kwenye turubai. Ukichelewa siku tatu nne, maganda yanafunguka yenyewe na umelima chakula cha ndege.

Sasa wiki ile wifi yangu alikuwa anamtoa mwanawe unyagoni. Kamba yangu ilijaa mafundo mpaka ikafupika. Kutwanga, kuazima masufuria, kutafuta mpiga ngoma, kumpatanisha somo wa mwali na mama wa mwali, ambao hawakuwa wanasemezana. Yote ya wifi. Na nilikuwa naona fahari, maana kila mtu alikuwa anasema bila mimi hakuna shughuli.

Babu yako akaja jikoni akasimama mlangoni. "Mama Hadija, ufuta unageuka."

"Nimeufunga," nikamjibu, mikono imejaa unga.

"Umeufunga wapi?"

"Kwenye kamba, huoni?"

Akaitazama kamba, akanitazama mimi. "Haya. Basi kesho nenda kaivune kamba."

Yeye mwenyewe alikuwa anaumwa mguu, kuinama hawezi. Mimi nikaenda kwenye ngoma. Siku ya nne ndipo nikafika shambani na mundu wangu. Ukiupitisha mwili katikati ya mistari, ufuta ulikuwa unamwagika kwenye majani kama mchanga, shaa, shaa, na njiwa walikuwa wameshiba mpaka hawaruki, wanatembea. Babu yako alikuwa amenitangulia kwa fimbo yake. Alikuwa amekaa juu ya kichuguu. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Alisema tu, "Njiwa hawana kamba."

Mwaka ule tulikula mihogo mpaka mihogo ikatuchukia.

Nilichokipata pale nakupa kwa sababu kiliniuma. Kufunga fundo si kufanya kazi, mwanangu. Roho ni nyepesi kudanganyika. Ukishaandika "kusoma kwa ajili ya mtihani", roho inaona umesoma, inakwenda kupumzika, na wewe unamwandikia mwenyekiti muhtasari wake.

Baada ya hapo niliikata kamba. Nikaipima kiwiko mpaka ncha ya kidole, ikabaki ya mafundo saba, na la nane likija halina mahali. Mtu akija na lake namwambia kamba imejaa, njoo kesho kutwa. Wifi alisema nimekuwa Mzungu. Wengine walisema mengine. Wakazoea. Watu wanazoea, Zuhura, hicho ndicho kitu sikuambiwa ujana wangu. Unadhani ukikataa watakufa. Wanakwenda nyumba ya pili.

Ningeishia hapo ningekuwa bibi mwenye hekima, ungewasimulia wenzako chuoni. Sijaishia hapo.

Kamba ile ya gome ina tabia moja. Fundo likikaa muda mrefu, moshi wa jikoni unalipata, linakauka, linakuwa kama jiwe. Halifunguki tena kwa vidole, ni mpaka ukate. Mimi nilikuwa na fundo moja la hivyo, la juu kabisa. La jicho la kushoto. Lilipoanza kuwa na ukungu walitangaza msikitini kwamba madaktari wa macho wanakuja Ruangwa. Nikafunga. Siku yenyewe ilikuwa ya palizi. Wakaja tena, ikawa kuna msiba. Wakaja tena, ilikuwa alfajiri za kupuliza salfa, na mikorosho ikikosa salfa wakati wa maua umekosa mwaka. Kila asubuhi nilikuwa nalipapasa fundo lile nikifunga mengine, na mkono ukalizoea. Hilo ndilo baya lake. Likawa sehemu ya kamba. Nilipokwenda, daktari, binti mdogo tu, alinimulika, halafu akasema, "Bibi, hili ungelileta mapema." Presha ya macho. Ilichochukua hairudishi. Wewe ndiye uliyenishika mkono kutoka mle ndani, ukalia barabarani, na mimi nikakwambia usinitie aibu mbele ya watu wa bodaboda.

Basi jambo ambalo limekaa mahali pamoja siku nyingi na hulioni tena, hilo ndilo la kwenda nalo kwanza. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Sasa naingia.

Yale yaliyokuwa hayaenei kwenye kamba yangu ya saba, unadhani yalikwenda wapi? Kazi haiyeyuki. Nilikuwa nawaambia watu kamba imejaa, halafu nageuka nasema, "Zuhura, hebu." Hebu kateke. Hebu mpelekee fulani. Hebu nenda Lionja kaangalie mikorosho. Ulikuwa na miaka saba ulipoanza kuwa kamba yangu ya pili. Watu wakaona, nao wakaanza kukufunga mafundo yao. Kwa hiyo lile daftari la mambo thelathini na moja usidhani umelianza wewe. Nimelianza mimi.

Mwaka jana jina lako lilitoka mara ya kwanza, la chuo hikihiki, na mwisho wa kupokea watu ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa msimu kama huu, korosho zinadondoka. Ulikuwa Lionja shambani na waokotaji, unalala kwenye banda, simu haina chaji wala mtandao. Kabla hujaondoka ulisimama mlangoni jikoni ukaniambia, "Bibi, huko nitapoteza hesabu ya siku. Jumatano nitumie bodaboda anichukue. Hata nikimwambia arudi, asikubali." Nikasema haya. Ukasema, "Lifunge kwenye kamba nione." Nikalifunga ukiwa unatazama. Ukacheka, ukaenda.

Kijiji kizima kinajua nilisahau. Na wewe unajua nilisahau, na juu yake ukajibebesha kosa, ukasema ungepaswa kuhesabu siku mwenyewe.

Zuhura, sikusahau.

Jumanne mchana, jua kali, nina akili zangu zote, nilikwenda mlangoni nikalifungua lile fundo. Lilikuwa bichi bado, lilifunguka mara moja. Nilijiambia korosho bado ziko chini ya miti, mvua ikinyesha zitaoza. Uongo. Waokotaji wangemaliza bila wewe. Nilikuwa nimeamka asubuhi ile nikajigonga kwenye mlango upande wa jicho lililokufa, nikakaa chini, nikaisikiliza nyumba. Wewe hupo siku nne tu na nyumba ilikuwa hivyo. Nikaogopa. Ndiyo yote. Mwanamke mzima niliyezaa na kuzika, nikaogopa kubaki na kuku.

Jumatano ikapita. Alhamisi nikasema bado nikimtuma mtu leo atawahi. Sikutuma. Ijumaa nilisali dhuhuri sijui nilisoma nini.

Ulirudi Jumapili juu ya baiskeli ya mtu, vumbi mpaka kwenye nyusi, umeshika kifurushi cha mabibo uliyonichagulia yale laini nisiyoyatafuna kwa shida. Ukasema, "Bibi, leo siku gani?"

Nikasema Jumapili.

Ukabaki umesimama na mabibo yako. "Hukutuma mtu?"

"Nimesahau, mwanangu. Uzee huu."

Na wewe ndiye uliyenibembeleza. Uliniwekea mkono begani. "Kosa langu, Bibi. Ningehesabu siku."

Salima ameweka kalamu chini. Ameniuliza, "Bibi, hili niliandike?" Nimemwambia hili ndilo nililomwitia, mengine yote yalikuwa njia ya kufikia hapa. Macho yake yamelowa na karatasi anaichafua.

Tangu siku ile ukaanza kujiita msahaulifu. Watu wakakuita hivyo, watoto wakakuimbia kisimani, na mimi nipo, nasikia, nanyamaza. Ukanunua daftari. Ukaweka kwenye simu kile kitu kinacholia kama mbuzi aliyenaswa kila baada ya sala. Unaandika "kuamka". Mwaka mzima nimekuona unajitibu ugonjwa usio wako, na dawa yake nilikuwa nayo mimi mdomoni.

Hujawahi kusahau kitu tangu nikujue. Ulikuwa na miaka mitano ukinikumbusha chumvi. Daftari beba, ni zuri, Salima anasema mwandiko wako umenyooka. Lakini liwe la mtu mwenye kazi, lisiwe la mtu anayejilinda na aibu. Na kila asubuhi kabla hujaandika jambo jiulize ni la nani. Mimi ningejiuliza hivyo ungekuwa mwaka wa pili sasa.

Habari ya Jumatano ni hii. Salima ndiye atakayenipeleka Ruangwa kwa daktari wa macho, akaliangalie hili la kulia lililobaki. Nilimwomba kabla hajaandika neno la kwanza, na nilidhani ataniambia ana gauni la watu. Alisema, "Miaka yote hii nakaa ukuta kwa ukuta na wewe, mbona hukuwahi kuniomba?" Nilikuwa na wewe, nilihitaji kumwomba nani? Mikorosho ya Lionja nimewakabidhi watoto wa wifi. Hawataokota vizuri. Waache wasiokote vizuri. Jicho la kulia likibaki, limebaki. Likienda, litaniondokea wewe ukiwa darasani, nami nitajua uko wapi, na huko ndiko ninakotaka uwe. Usirudi kwa ajili ya jicho. Nimeshakugharimu mwaka mmoja, sitaki niongeze.

Barua hii Salima ataificha ndani ya shuka lako jipya, lile lililokunjwa chini kabisa ya begi, ambalo hutalifunua mpaka upate kitanda cha kulitandika. Nimepanga hivyo kwa makusudi. Nakujua: ungeisoma hapa ungekaa, uniambie yamekwisha, unipikie, na Ijumaa ingepita. Ungeisoma kwenye basi ungeshuka Lindi urudi unifute machozi.

Kwa hiyo ukiwa unasoma hapa, umefika. Mlango umeupita, jina lako limeandikwa, na hakuna mtu wa kulifungua.

Sasa kasirika.

Kasirika sawasawa, usikasirike kwa adabu. Una haki, na una kitanda chako cha kukalia ukikasirika. Na usinipigie simu upesi kusema umenisamehe. Nakujua, utaliandika hilo namba moja, ulifanye kabla ya chakula cha mchana, ulikate mstari. Hili lisiwe kazi. Likija, lije kwa miguu yake, hata kama litanikuta sioni au litalikuta kaburi. Lisipokuja, mimi ndiye ninayedaiwa, wewe nenda darasani.

Nasikia sauti yako kule kwa mjomba, unacheka, unasema, "Sawa, mjomba, nitakufanyia." Nimechoka, mwanangu, ila ngoja nisimame nije nikutoe huko.

Bibi yako aliyekulea, na akakukosea, Mbekenyera.